Moyo Ulioachwa Mtini: Hadithi za Hila na Usomaji wa Vitabu Vitakatifu

Walimu wenzetu wanaofundisha Kiswahili hapa Bujumbura hawana haja ya kuelezwa Sungura ni nani. Mtoto humjua kabla hajajua kushika kalamu, na mzazi alisikiapo jina lake hutabasamu. Lakini huenda si wote waliokwisha kuulizwa swali tuliloulizwa sisi katika kipindi cha ufahamu, na mtoto wa kike ambaye kila alasiri hutoka shuleni akaenda chuoni, msahafu wake kaukumbatia kifuani. Darasa zima lilikuwa likicheka. Yeye alinyosha kidole akasema: "Mwalimu, Sungura amesema uongo. Mbona tunacheka?"

Tulifanya kama walimu tufanyavyo tukikosa jibu: tuligeukia ubao tukaandika kwamba akili ni bora kuliko nguvu, tukawaamuru wanafunzi wanakili. Yule mtoto alinakili kama wenzake, kwa mwandiko mzuri. Jibu lile halikumtosha, na kwa kweli halikututosha sisi wenyewe. Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi. Ili kumjibu itatulazimu kwenda mbali kidogo: kwanza katika nyumba moja ya Buyenzi, kisha Unguja na Bara Hindi, na halafu kurudi katika nyumba ileile.

Buyenzi, kama wasomaji wetu wa mji huu wajuavyo, ndio mtaa wa Waswahili. Watu walioleta maisha ya Kiswahili kwenye ufuko huu wa Ziwa Tanganyika walitoka Ujiji, Manyema na kwingineko. Wengine walifuata misafara ya pembe za ndovu katika karne ya 19, wengine walikuja wakiwa askari na wapagazi baada ya Wajerumani kujenga kituo chao cha Usumbura mnamo mwaka 1897. Wabelgiji waliitwaa nchi mwaka 1916, na walipoupanga mji upya ndio waliowaweka watu hao katika mtaa wao wa peke yao. Hivyo basi mtoto wa Buyenzi wa siku zetu alikuwa na masomo matatu kwa siku. Asubuhi alisoma shuleni kwa Kirundi na Kifaransa. Alasiri alisoma chuoni kwa Kiarabu. Na usiku, baada ya sala ya isha, alisikiliza hadithi kwa Kiswahili. Somo hili la tatu halikuwa na ripoti wala mtihani, na nadhari ya wakubwa juu yake ilikuwa ndogo.

Mwalimu wetu wa usiku alikuwa bibi yetu, mzaa mama, mzaliwa wa Rumonge, muuza ndagala. Aliketi mkekani, kandili limeshushwa utambi ili mafuta yasiishe, akasema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Jirani yetu mmoja, mama wa Kirundi, alikuwa akija na kazi yake ya kusuka vikapu, na zamu yake ilipofika alitupa Bakame, ambaye ni huyuhuyu Sungura kwa jina la hapa kwetu, au Samandari, yule mtu mjanja wa hadithi za Warundi anayewazungusha hata wakubwa wa nchi. Kutoka Pwani alikuja Abunuwasi. (Abunuwasi huyo alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Angeshangaa kuona kazi aliyopewa na Waswahili baada ya kufa.) Wote hawa, mnyama kwa mtu, walikuwa na tabia moja: walikuwa wadogo mbele ya wakubwa, na silaha yao ilikuwa maneno.

Maalim wetu wa chuo hakuzipenda hadithi hizo. Aliziita upuuzi, maneno ya kuwapotezea watoto wakati wa kudurusu. Tulipokuwa wadogo tulimwona mkali bure. Sasa twaona alikuwa na sababu. Kurani yenyewe inasimulia, tena mahali pengi, jinsi wapinzani wa Mtume walivyoyakataa maneno aliyowasomea kwa kuyaita ngano za watu wa kale. Kwa mtu aliyekabidhiwa watoto awafundishe Kitabu, kuchanganya ngano na wahyi si kosa dogo. Ndilo kosa lenyewe lililotajwa. Hata hivyo kulikuwa na jambo lililotutatiza. Katika kitabu kilekile wanyama walisema! Katika sura ya Naml, mdudu chungu anawaonya wenzake waingie majumbani wasije wakakanyagwa na majeshi ya Nabii Sulaimani. Na baada yake yuko Hudihudi.

Kisa cha Hudihudi tulikipenda kuliko vyote, na huenda kilikuwa ndicho cha kwanza tulichokielewa kabla ya kukihifadhi. Sulaimani anakagua ndege, hamwoni Hudihudi. Anaapa kwamba atamwadhibu adhabu kali au atamchinja, ila akileta udhuru ulio wazi. Ndege mdogo anafika amechelewa, anasimama mbele ya mfalme mkuu kuliko wafalme wote, na kabla hajaulizwa anasema kwamba amejua jambo ambalo mfalme halijui: iko nchi ya Sabaa, na malkia wake. Siku tuliyoelezwa maana yake na Maalim tulikwenda mbio nyumbani kumwambia bibi kuwa Sungura yumo msahafuni, ila amepewa mbawa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na Sulaimani alimsadiki palepale?" Tukarudi kwa Maalim. La, hakumsadiki palepale. Alisema ataangalia kama Hudihudi amesema kweli au ni miongoni mwa waongo, akampa barua aipeleke. "Basi huyo si Sungura," akasema bibi. "Sungura hapewi barua." 

Yeye hakuwa amesoma ila juzuu chache, lakini katika miaka yetu ya kusomea ualimu hatukupata kuelezwa kwa ufupi kama huo tofauti iliyopo kati ya ngano na maandiko. Maneno ya Hudihudi yanapimwa. Hadithi nzima inasimama juu ya kupimwa kwake. Maneno ya Sungura hayapimwi na yeyote mpaka Simba awe amekwisha kutumbukia kisimani.

Hadithi moja ya bibi ndiyo tunayotaka kuifuata hasa, maana ina historia ndefu. Kima alikuwa na rafiki yake majini, akimrushia matunda kutoka juu ya mti. Siku moja rafiki akamwalika kwake, akambeba mgongoni. Walipofika kilindini akamwambia ukweli: mkubwa wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamlaumu: mbona hukuniambia mapema? Sisi makima tukitoka safari mioyo yetu huiacha mtini. Turudi nikauchukue. Wakarudi, Kima akaruka juu ya tawi, na huko akakaa.

Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, aliichapisha hadithi hii London mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili, pamoja na kisa cha punda wa dobi ambacho Kima anakisimulia akiwa juu ya mti wake wa mkuyu. Huko Unguja rafiki wa majini ni Papa. Lakini hadithi haikuzaliwa Unguja. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa aliitia katika Kiarabu ndani ya kitabu cha Kalila wa Dimna, na hapo rafiki wa majini ni kasa. Yeye aliitoa katika Kipahlavi cha Uajemi, ambako ilikuwa imefasiriwa katika karne ya 6 kutoka kitabu cha Kihindi kiitwacho Panchatantra; na Bara Hindi rafiki huyo ni mamba. Pia yule mbweha wa Kihindi anayemshawishi punda aende kwa simba mgonjwa, alipofika kwetu aligeuka kuwa Sungura. Waswahili waliona kazi ile ina mwenyewe tayari.

Sasa jambo la kuchekesha. Bibi yetu hakumjua papa. Ziwa letu halina papa. Hadithi ilipopanda kutoka Pwani kwa njia ya misafara, kupitia Tabora hadi Ujiji na kuingia huku, papa alifia njiani, na mkekani petu Buyenzi rafiki wa Kima alikuwa mamba wa mto Rusizi. Bila ya kusoma kitabu chochote cha Kihindi, wazee wetu walimrudisha mnyama yuleyule wa mwanzo.

Lakini jambo lililotustaajabisha zaidi, tulipolikuta tukiwa watu wazima, ni kwamba mwanzoni hadithi hii ilisomwa kama maandiko ya dini. Imo katika mkusanyiko wa Jataka, visa vya maisha yaliyopita ya Buddha, vilivyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali. Huko mke wa mamba ndiye anayeutamani moyo, na mwisho wa kisa msikilizaji anaelezwa kwamba mamba yule alikuwa Devadatta, adui wa Buddha, na kima yule aliyesema kwamba moyo wake ameutundika mtini alikuwa Buddha mwenyewe katika maisha ya kale. Kwa hiyo uongo uleule mmoja umesomwa na watawa kama habari za mtakatifu wao, na watu wa majumba ya wafalme kama mafunzo ya utawala, na watoto wa Unguja na wa Buyenzi kama kichekesho cha kulalia. Maneno hayakubadilika sana. Lililobadilika ni namna ya kukaa mbele yake.

Steere huyohuyo, aliyefanywa askofu mwaka 1874, alifasiri Maandiko ya Kikristo kwa Kiswahili cha Unguja mpaka kufa kwake mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiswahili hicho ilitoka mwaka 1891. Twamtaja tena kwa sababu wenzetu Wakristo husahau kwamba lugha ya Biblia yao ya Kiswahili ilichotwa kwa sehemu katika kisima cha Punda wa Dobi. Mtu yule aliketi na wasimulizi, akaandika jinsi Mswahili asemavyo mtu anapomdanganya mwenziwe, anapomwomba, anapomkatalia. Na baadaye akayatumia maarifa hayo kwa Yakobo na Isaka, kwa nyoka na Hawa. Mwalimu wa lugha hawezi kupita hapa bila ya kutazama maneno. Katika Biblia ya mwaka 1952 nyoka wa Edeni ameitwa "mwerevu". Ni neno lilelile tumpalo Sungura darasani kwa kumsifu! Na katika sura ya Yusuf, Kiarabu kinatumia neno moja, kayd, kwa hila ya ndugu zake Yusuf, kwa hila ya wanawake wa mjini, na pia kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu alimpangia Yusuf ili ambakize ndugu yake, pale kikombe cha mfalme kilipotiwa katika mzigo. Wafasiri wetu huona taabu kuliweka neno moja la Kiswahili pande zote tatu, wakagawa: huku vitimbi, huku hila, huku mpango. Hatuwalaumu. Lakini msomaji wa tafsiri apoteza kitu ambacho msomaji wa Kiarabu anakiona kwa jicho.

Turudi Buyenzi. Rais Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na kilichofuata hakuna mtu mzima wa nchi hii asiyekijua. Kufikia mwaka 1995 mitaa mingi ya Bujumbura ilikuwa imekwisha kugawanyika, watu wa aina moja huku na wa aina nyingine kule. Buyenzi ilibaki mtaa wa watu mchanganyiko, na wengi waliofukuzwa kwao walikimbilia kwetu. Sisi tulikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Nyumbani kwa bibi alifichwa kijana mmoja mwanafunzi, mtoto wa mteja wake wa ndagala. Alilala chumba cha nyuma, nyuma ya magunia, na harufu ya samaki ilimganda hata mwenyewe akawa anaona haya.

Usiku mmoja waliupiga mlango vijana wenye marungu, na mmoja wao alikuwa na bunduki. Walilitaja jina lake kamili. Bibi hakusema kwamba hamjui. Alifungua mlango, kandili mkononi, akasema: "Wanangu, mmempisha kidogo tu. Ametoka magharibi amekwenda kwa shemeji yake. Lakini vyeti vyake vya shule ameviacha kwangu, na bila vyeti hawezi kusafiri. Kesho saa mbili anakuja kuvichukua. Njooni saa mbili mtamkuta hapahapa."

Tulikuwa tumesimama nyuma yake, na tuliitambua. Ilikuwa hadithi yetu. Kitu mnachokitaka hakipo hapa, kimeachwa mahali, turudi tukakichukue. Vijana walishauriana, wakaondoka. Kabla ya saa mbili yule mwanafunzi alikuwa amekwisha kuvuka Gatumba kuelekea Uvira.

Hadithi ya Kima inaishia hapo, Kima akiwa juu ya mti. Bibi hakuwa na mti. Saa mbili wale vijana walirudi, na safari hii hawakubisha hodi. Walimwaga magunia uani, wakachukua redio na fedha za ndagala, na mmoja, ambaye umri wake haukutuzidi sana, alimpiga bibi kofi lililomwangusha. Sikio lake la kushoto halikusikia vizuri tena mpaka alipofariki.

Jioni ya siku ile tulikwenda kwa Maalim na swali lilelile ambalo mtoto wa darasa la tano angetuuliza miaka mingi baadaye, ila sisi hatukuwa tukicheka. Tulimwuliza kama bibi ameandikiwa dhambi. Hakutujibu kwa kichwa chake. Aliinuka akateremsha kutoka rafuni kitabu cha Riyadhi Swalihina cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, akatusomea na kutufasiria mahali anaposema kwamba mtu akijificha kwako kwa kumkimbia dhalimu atakaye kumuua, kumficha kwa uongo ni wajibu. Hakusema yaruhusiwa, alisema wajibu. Kisha akafunga kitabu akauliza kama sikio la bibi limetibiwa. Habari ya upuuzi wa hadithi hatukumsikia akiitaja tena, ingawa hatuwezi kusema kwamba alianza kuzipenda.

Baadaye tulijifunza kwamba swali hili ni la kale kuliko Nawawi, na kwamba watu wa Kitabu hawakukubaliana. Katika kitabu cha Yoshua, Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani, na watu wa mfalme walipobisha akawaambia kwamba wageni wametoka giza lilipoingia, wafuatwe upesi. Yeye na bibi yetu wangeelewana bila mkalimani. Barua kwa Waebrania na ile ya Yakobo zamsifu Rahabu, lakini Augustino, askofu wa Kiafrika aliyefariki mwaka 430, alishikilia kwamba alilipwa kwa huruma yake wala si kwa uongo wake. Augustino alimtaja kwa heshima askofu mmoja, jina lake Firmus, aliyemficha mtu nyumbani kwake: alipoulizwa alisema hatasema uongo wala hatamtoa mtu, akateswa, hakumtoa. Tumemfikiria Firmus mara nyingi. Twamheshimu. Lakini twajua pia kwamba mlangoni petu usiku ule, jibu kama lake lingewaonyesha wale vijana chumba cha nyuma.

Ndiyo sababu hatukubaliani na vitabu vya darasani vinavyoifunga kila hadithi ya Sungura kwa funzo la mstari mmoja, na twakiri kwamba nasi tumeandika mistari hiyo ubaoni kwa miaka. Wasimulizi wetu hawakuwa wakifanya hivyo. Bibi hakupata kutuambia tuwe kama Kima. Alituzoesha kusikia nani anasema, anamwambia nani, na nani kati yao ana meno. Mtu aliyezoea kusikiliza hivyo akifika kwa Hudihudi, au kwa Rahabu, au kwenye mzigo uliotiwa kikombe, hasomi haraka. Na asiyezoea, akifika hapo, ama atafumba macho asione hila, ama ataiona na kudhani ameruhusiwa kila kitu. Wasomaji wa namna zote mbili tumewaona katika nchi hii.

Wiki iliyofuata tulirudi katika kipindi cha ufahamu. Hatukusimulia habari za mwaka 1995. Watoto wale ni wadogo, na wengine majina ya nyumba zao yangetambulikana. Tuliwasimulia Kima na Mamba, kisha tukasimulia Hudihudi, na tukawaomba waseme ni wapi wangepeleka barua. Walibishana mpaka kengele ikalia. Yule mtoto wa kike hakusema neno muda wote. Alibaki darasani wenzake walipotoka, akafunga msahafu wake katika kitambaa, akatukaribia mezani.

"Mwalimu," akasema, "Mamba aliporudi kwa mkubwa wake mgonjwa, bila moyo, alimwambia nini?"

Steere hakuandika. Bibi hakusema. Tulimwambia aende asije akachelewa chuoni, na kwamba kesho atupe jibu lake yeye.